Siku Niliyofundisha Neno "Kujificha"

Siku ya kuniaga kazini mlinipa kitenge, kiti cha plastiki na hotuba mbili ndefu, na mwishoni yule kijana anayefundisha darasa la tano akaniomba niandike "mambo yote" ya kazi yangu kwa faida ya walimu wapya. Mambo yote sitayaandika. Nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa, hayo yatawapotezea muda, na baadhi yao bado wako hai na wanapenda ugomvi. Nitaandika kuhusu kufundisha maneno, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya karibu kila asubuhi, na kwa kuwa kuna neno moja nililifundisha hapa Butembo wakati wa vita ambalo halijaniacha mpaka leo.

Nilianzia Beni, katika shule ya kanisa, darasa la pili. Nilikuwa na sketi moja ya kazini na hofu ya kuwatosha watu watatu. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Ilunga, Mluba wa Kasai, ambaye serikali ilimleta kwetu akiwa kijana kisha ikamsahau, kama ilivyo desturi yake. Alikuwa mwembamba, kalamu tatu mfukoni kila siku, na Kiswahili chake kilikuwa na mashimo aliyoyafukia kwa Kifaransa. Siku ya kwanza alichukua fiche yangu ya matayarisho ya somo, akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Madame Kavugho, umeandika maana ya neno fasi ya kwanza. Mutoto hapana kula maana. Muonyeshe kitu. Kisha afanye. Kisha aseme. Kuandika ni mwisho, mais mwisho kabisa."

Hiyo ndiyo njia aliyonifundisha, na sijawahi kuona iliyo bora. Kitu kwanza, au kitendo. Kisha neno lenyewe la Kifaransa, litamkwe na darasa zima mpaka ndimi zilizoee. Kisha kila mtoto atoe sentensi yake, kutoka nyumbani kwake, si ile ya kitabuni, na haketi mpaka aitoe. Ikiwa sahihi, mwalimu anasema "très bien", vizuri sana, na darasa linampigia makofi matatu. Sentensi ya kitabu inaonyesha kwamba mtoto ana kumbukumbu. Sentensi yake mwenyewe inaonyesha kwamba neno limeingia.

Somo langu la kwanza mbele ya Mwalimu Ilunga lilikuwa neno "fragile", yaani chepesi kuvunjika. Nikaazima bilauri ya mke wa directeur, yaani mkuu wa shule, nikaiinua juu ili hata wa nyuma waione, na jasho la mikono likafanya lililobaki. Darasa lote lilielewa neno papo hapo. Mwalimu Ilunga aliandika kwenye daftari lake, "Matériel didactique: bora sana", yaani vifaa vya kufundishia, na hakucheka mpaka alipofika nje.

Tangu hapo nilibeba mfuko kila siku. Ndani yake mlikuwa na kufuli, koleo, kibuyu kidogo, kipande cha sabuni, kamba, na mara nyingine kitu chenye uhai. Nawashauri mbebe wenu, na nawaonya jambo moja. Msilete chakula asubuhi. Niliwahi kuleta ndizi saa mbili ili kufundisha neno "kumenya", na nusu ya darasa haikuwa imeonja kitu tangu jana yake. Walizitazama ndizi zile kwa adabu kubwa, hakuna aliyesikia nilichosema, na mimi nikajiona mjinga.

Vita vya kwanza vilitupitia pale Beni kwa miguu. Kwanza walipita wanajeshi wa serikali wakikimbia na magodoro ya watu kichwani, kisha wakapita waliokuwa wakiwafukuza. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mume wangu akatuhamishia Butembo kwa ndugu zake, na baada ya muda Mwalimu Ilunga akaja naye, safari hii akiwa directeur wa shule ya kanisa huku Bulengera, akanichukua tena kwa darasa la pili. Vita vya pili vilipoanza, nchi ilikatwa vipande. Mke wake na watoto walikuwa wamekwenda Kasai kumsalimia mama mkwe, wakabaki upande wa pili wa mstari wa vita. Hakukuwa na barua wala njia. Ukimuuliza habari za nyumbani alisema yuko "en mission", safari ya kikazi, tena ndefu, kisha akakuuliza habari za darasa lako.

Chaki zilikwisha, tukaandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Vitabu tulikuwa na vitatu kwa darasa zima. Nyuma ya shule palikuwa na msitu mdogo wa mikaratusi, na chini yake barabara ya kwenda Rughenda, kwenye uwanja wa ndege, ambako malori ya wanajeshi yalipita kutwa. Lori likipita, tulinyamaza, likiisha kupita tuliendelea na kujumlisha.

Mwaka ule watoto wa vijijini walimiminika mjini na jamaa zao. Masika aliletwa na bibi yake katikati ya muhula. Alikuwa na miaka saba hivi, na alivaa sweta ya mtu mzima iliyokunjwa mikono mara nne. Bibi, ambaye sisi sote tulimwita Mukaka, yaani bibi, kwa desturi ya Kinande, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana ya jembe. Nilipouliza jina la mama ili niliandike kwenye daftari, alinitajia, kisha akaongeza, "Alibakia ku kijiji." Niliandika jina, mambo ya kijijini sikuyauliza. Wakati ule tulikuwa tumejifunza kutouliza, na tuliita jambo hilo heshima.

Masika hakusema kitu darasani. Alitazama mdomo wangu, alinakili vizuri, na zamu yake ya sentensi ilipofika alisimama tu mpaka nikamhurumia na kumketisha. Ndiyo, nilivunja sheria yangu mwenyewe kwa ajili yake.

Siku ninayotaka kuisimulia, neno lililopangwa lilikuwa "se cacher", kujificha. Nililipenda, kwa sababu ni neno lisilohitaji mfuko. Nilijificha mwenyewe nyuma ya mlango, watoto wakapiga kelele, wakanikuta, wakacheka kumwona Madame amebanwa ukutani. Kisha nikawatoa uani. Watatu wanajificha, wengine wanatafuta. Anayemwona mwenzake anasema kwa Kifaransa, "Kambale anajificha nyuma ya ukuta," na mwenzake anaitika, anatoka, naye anasema, "Ninajificha." Lilikuwa somo zuri. Nawaambia ukweli, nilikuwa najisifu moyoni, nikatamani mkaguzi angepita asubuhi ile.

Masika alikuwa katika kundi la tatu. Wenzake wawili walionekana upesi. Yeye hakuonekana. Watoto wakaanza kumwita, nami nikamwita, mwanzoni kwa utani na baadaye kwa sauti ya ukali ambayo nilidhani hakuna mtoto anayeweza kuikataa. Hakuitika. Nilimwita kwa Kifaransa, nikamwita kwa Kinande, nikamwambia mchezo umekwisha na ameshinda. Madarasa yote sita yakatoka kunisaidia, na uwanja ukajaa sauti za watoto wakiliita jina moja.

Ilipofika saa sita Directeur Ilunga aliwaachia wanafunzi waende nyumbani na kumtuma mwalimu mmoja kwa pikipiki amlete Mukaka kutoka shambani. Sisi wengine tuliingia katika mikaratusi, tukiita. Saa nane wanajeshi wakaja. Siku iliyotangulia mtu alikuwa amelipiga risasi lori lao karibu na hapo, na sasa walikuwa wamejipanga ukingoni mwa miti, tayari kuipekua yote kwa bunduki. Kamanda wao alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Oza koluka nani?" aliniuliza kwa Kilingala. Unamtafuta nani?

Directeur alinitangulia. "Mwana na ngai aza na kati," alisema. Mwanangu yumo ndani. Kisha akageuka kwenye Kiswahili chake ili nasi tusikie. "Chef, ni mutoto mwanamuke, mudogo. Alikuwa ku somo. Tupe wakati kidogo, tumutoshe inje."

"Mulianza kumuita saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na haitike?" Kamanda aliwatazama watu wake. "Directeur, mutoto akiitwa anakuya. Mwenye anajificha na haitike, uyo ni adui. Minakupa mpaka saa tisa."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mukaka alikuwa amenikabidhi mtoto aliyenusurika, na mimi nilikuwa nimemfundisha kujificha mbele ya bunduki.

Mukaka alifika na udongo wa shamba miguuni. Nilijiandaa kutukanwa. Alisimama akasikiliza walimu wakiita kila upande, "Masika! Masika!", akaziba masikio yake kwa mikono miwili.

"Mubanyamazishe!" aliniambia. "Madame, mubanyamazishe bote. Mukimuita, atajificha zaidi."

Tulinyamaza. Akanieleza upesi, akinishika kifundo cha mkono. "Ku kijiji batu ba bunduki balikuya na jirani yetu mwenye balikuwa bamekamata, balimulazimisha aite batu kwa majina. Mwenye aliitika, balimumaliza. Mama yake alimuficha mu majani ya maharagi, akamwambia: ata ukisikia jina yako, usiitike, usitoke. Utaitika sauti yangu tu. Njo vile mama alibakia. Nilimuzika mi mwenyewe. Na mutoto nilimupata siku ya pili, hapana kwa kuita. Kwa mukono. Nilipapasa majani yote."

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza swali moja zaidi: je, mtoto anajua kwamba mama alizikwa? Sikuuliza. Saa yangu ilisema imebaki nusu saa.

Tukatafuta kwa mikono, bila kusema neno. Walimu sita na mwanamke mzee tulipapasa kuni za jikoni, mabati, mashimo ya takataka, kila kitu kilichoweza kufunika mtu. Saa tisa ilipofika hatukuwa tumempata, na wanajeshi wakaanza kutembea. Directeur Ilunga akafanya jambo ambalo hakuliandika katika ripoti yoyote. Alivua koti lake ili shati jeupe lionekane, akaenda kusimama mbele ya kamanda, akasema, "Donc, basi, miye natangulia." Akaingia katika miti hatua kumi mbele ya bunduki zao, polepole, kama alivyokuwa akipita kati ya madawati siku ya mtihani.

Mimi nilikuwa nimefika kwenye lundo la matofali ya darasa jipya, lililofunikwa mabati makuukuu. Watoto walikuwa wamelipanda na kulishuka asubuhi nzima. Nilipitisha mkono chini ya bati, katika nafasi ambayo nisingedhani paka angeingia, nikagusa mguu. Wakati huo huo risasi ikalia mitini. Mguu ule haukujivuta wala kutetemeka. Ulikuwa wa baridi, na kwa pumzi mbili nilidhani nimechelewa.

Mukaka alikuja akapiga magoti. Hakumwita. Aliingiza mkono wake pale ulipokuwa wangu, akaushika mguu ule, akatulia. Mwishowe kidole kimoja kikasogea, kisha Masika akaanza kutoka mwenyewe, kinyumenyume, akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nilimkumbatia nikalia bila aibu mbele ya walimu niliowazidi umri. Alinivumilia.

Directeur alitoka mitini akiwa mzima. Risasi ile ilikuwa imempata mbuzi wa mchungaji wa kanisa; mbuzi huyo alikuwa amelala kichakani. Mbuzi naye alikuwa ameitwa, akanyamaza.

Nilidhani tumemaliza. Kesho yake asubuhi Directeur akaniita ofisini, akataka kuona fiche ya jana. "Umefika ku kitendo," alisema. "Sentensi ya batoto hakuna. Somo haiishe."

"Directeur, neno hilo sitalirudia."

"Utarudia. Ukiacha pale, batabakia na ile ya jana tu. Mutoto anapaswa kusema neno kwa kinywa yake, ili neno isimukalie juu."

Nilimkasirikia, lakini niliingia darasani nikaandika neno ubaoni. Watoto wakasimama mmoja mmoja. Kambale akasema baba yake anaficha redio, na tukaelezana tofauti ya kuficha na kujificha. Kavira akasema panya anajificha chini ya kitanda. Nilipofika kwa Masika nilitaka kumruka, lakini tayari alikuwa amesimama. Alitazama ubao, akavuta pumzi, akasema kwa Kifaransa safi, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia:

"Maman se cache."

Mama anajificha. Maneno matatu, bila kosa. Na mimi, mwalimu wa miaka mingi, ulimi wangu ukafanya ulichozoea kufanya. Nikasema, "Très bien, Masika." Darasa lote likampigia makofi matatu. Aliketi akitabasamu.

Ni tabasamu lile lililonifanya nielewe. Alikuwa amepata uthibitisho. Madame mwenyewe amesema ni sahihi, na darasa zima limekubali: mama yake yuko mahali fulani chini ya majani, hodari kuliko wote, anaitwa na haitiki. Niliwapa watoto hesabu za kunakili, nikageukia ukuta.

Wenzangu, mtakosea mara nyingi, na makosa mengi mtayafuta kwa kitambaa. Hili halikuwa na kitambaa. Saa sita nilimsindikiza Masika nyumbani, chumba cha nyuma cha familia iliyowapokea, na nilimkuta Mukaka akipukuchua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia kwa sauti ya chini mtoto alichosema darasani.

Hakuacha kupukuchua. "Minajua," alisema. "Ile kungojea njo inamulisha, Madame. Anakula juu mama yake asimukute amekonda. Ningemwambia namna gani?"

"Atangoja mpaka lini, Mukaka?"

"Umwambie weye. Ile neno ulimupa weye. Umalize weye."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kusema kwamba kazi ya mwalimu inaishia kwenye mlango wa darasa, na nimewasikia wengi wenu mkisema hivyo. Lakini alikuwa amesema kweli. Nikaketi sakafuni karibu na Masika, ambaye alikuwa ameanza kumsaidia bibi yake na maganda. Nilitafuta namna ya kuanza kwa kitu, kama nilivyofundishwa, na sikuwa na kitu cha kuonyesha.

"Masika," nikasema, "asubuhi nilisema très bien. Nilikosea. Sentensi yako ilikuwa nzuri, lakini si ya kweli. Mama hajifichi. Mama alikufa. Alikufa siku ile ile alipokuficha, na Mukaka alimzika. Hataita."

Aliendelea na ganda lililokuwa mkononi. Alilifungua, akazitoa mbegu moja moja, akaziweka kwenye ungo kwa mpangilio, akachukua ganda jingine na kulifungua nalo. Mukaka alikuwa ameacha kazi na kufunika uso wake kwa kitenge. Nilingoja kilio, nikawa tayari kukipokea. Hakikuja, si wakati ule. Kilikuja siku nyingine, na kilikuwa kirefu, lakini siku ile alinitazama mdomo kama alivyozoea, akafikiri sana, kisha akauliza:

"Donc sasa naweza itika batu bengine?"

Nilisema ndiyo. Nilisema kwamba mtu yeyote wa nyumbani au wa shule akimwita, anaweza kuitika.

Mukaka alifunua uso. Mtoto alikuwa pale pale, mkono mmoja tu kutoka kwake, lakini alimwita hata hivyo, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwita mtoto aje kula. "Masika."

Masika aliweka ganda chini, akaitika.